Mahindi ya Makaburini

Nyumbani, 6 Mei

Dada yangu Jicho la Angani,

Salamu zangu zipokee kwa mikono miwili, ni nzito. Huku wote wazima. Mama mzima, anauliza kama unakula au bado unaishi kwa chai. Baba mzima, ana nguvu kama trekta. Mimi ndiyo usiseme, mimi ni mzima kupita kiasi, watu wananigeukia njiani.

Sasa kaa chini kwanza. Umekaa? Nimepata kazi. Usicheke. Na ni kazi ya ofisi yenu hiyo hiyo! Wewe uko huko unaangalia mashamba kutoka juu, mimi niko huku nayaangalia kutoka chini. Kwa hiyo mimi na wewe tumelingana, ila mimi napigwa na jua.

Ilikuwa hivi. Gari lenu lilisimama pale kwenye ghala, akashuka bwana mmoja akauliza nani anazijua njia zote za bonde hili na anaweza kutembea kutwa nzima. Watu wakanyoosha mikono. Mimi sikunyoosha, nilikwenda kusimama mbele yake. Akaniuliza, "Umesoma mpaka wapi?" Nikamwambia, "Nimesoma mpaka pale shule iliponishindwa." Akacheka mpaka akashika boneti ya gari. Akanipa simu.

Simu yenyewe haipigi wala haipigiwi, huku mtandao wenyewe hakuna. Ina ramani tu na kidoti cha buluu, na kidoti hicho ni mimi. Nikisogea, kinasogea. Siku ya kwanza nilizunguka nyumba nikikifukuza, mama akauliza kama nimerogwa. Nikifika kwenye shamba nabonyeza, nasema pana nini: mahindi, maharage, magugu, au udongo mtupu. Halafu napiga picha. Dereva wenu, yule mwenye kofia anayejifanya hasikii akiulizwa swali, anakuja kuchukua kila kitu. Na barua hii nampa yeye.

Jana Mama Mapacha, jirani yetu wa juu, aliniuliza, "Hilo lidude linaona mpaka ndani ya nyumba?" Nikamjibu, "Linaona mpaka sufuria ambayo hujaiosha." Leo ameosha kila kitu na ameanika nje. Nimeleta maendeleo.

Watu wanasema maji yanakuja. Ni kweli au wanajifurahisha?

Mdogo wako, mtumishi mwenzako,
Domo


Mjini, 14 Mei

Mdogo wangu Domo,

Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakanigeukia. Nasalimu nyumba nzima. Mwambie mama nakula, na chai nimepunguza. Mwambie baba namkumbuka.

Ofisi yetu usidhani ni kubwa. Ni chumba kimoja chenye madirisha mawili, na moja limezibwa na kabati. Tuko watu wanne na kompyuta nne, na feni inayolia kila ikigeukia ukutani. Mkuu wetu tunamwita Bwana Miwani, kwa kuwa anazitafuta kutwa nzima na huwa ziko kichwani kwake. Nimeketi hapa na bonde letu lote liko mbele yangu kwenye kioo, limepigwa picha na satelaiti. Naona barabara ya ghala. Naona mto. Paa letu ni chembe nyeupe.

Ni kweli, maji yanakuja. Wakubwa wa maji watachimba mfereji mmoja mkuu na matawi machache. Matawi yatakwenda pale ramani itakapoonyesha ardhi inazaa vizuri, na sehemu nyingine zitasubiri miaka mingi. Ramani hiyo ndiyo kazi yangu. Wakiona ina makosa wataitupa, na mfereji utahamia bonde jingine.

Sasa nisikilize vizuri, weka utani pembeni. Kompyuta haijui mahindi ni nini. Inaona rangi tu, hata zile ambazo macho yetu hayazioni. Wewe ukisimama mahali ukasema "hapa ni mahindi," inakariri sura ya mahali hapo, kisha inakwenda kutafuta kila panapofanana napo bonde zima. Kwa hiyo kompyuta ni mwanafunzi na wewe ndiye mwalimu wake. Najua. Hata mimi nimecheka nilipoandika hayo.

Mwalimu akidanganya, darasa zima linapotoka. Sema kile unachokiona tu.

Baba ameshapalilia shamba la chini? Hukulitaja.

Dada yako


Nyumbani, 2 Juni

Mheshimiwa Dada,

Salamu kutoka kwa mwalimu wa kompyuta. Nimewaambia watu wote cheo changu. Yule mwalimu wa kweli, aliyekuwa akinitoa nje ya darasa, nilikutana naye kwenye daraja nikamwambia sasa nafundisha mwanafunzi mwenye akili kuliko wake wote. Akasema, "Basi Mungu amsaidie huyo mwanafunzi."

Mama mzima. Baba anakusalimu sana. Mimi miguu imekuwa kama ya mbuni.

Kazi inakwenda. Nimefukuzwa na mbwa, nimezama topeni mpaka gotini huku nimeinua simu juu ya kichwa kama mtoto mchanga. Mzee mmoja wa ng'ambo alikataa nisiingie shambani kwake mpaka nimwambie satelaiti ni ya nani. Nikamwambia ni ya dada yangu. Akanifungulia.

Shamba letu nimelipa heshima yake. Nimepiga alama nyingi kuliko shamba lolote la bonde hili, hasa shamba la chini. Baba mwenyewe ndiye aliyeniongoza: simama hapa, piga, sogea pale, piga tena. Mahindi kule chini yamejaa mpaka mtu anaweza kupotea. Picha nimepiga na baba amesimama ndani, ili uone mzee wako anavyopendeza. Kwa Mama Mapacha nimepiga alama moja tu, inamtosha, hana shukrani. Alisema kidoti cha buluu kinafanana na mimi kwa kutotulia.

Ng'arisha ramani, dada. Tupake kijani.

Domo


Mjini, 19 Juni

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote. Huku mvua imenyesha, paa letu la ofisi linavuja juu ya printa, tumeiwekea beseni.

Picha zako zimefika. Nilitaka jani, umenipa baba. Kila picha ya shamba la chini ni baba ametabasamu, amejaa kwenye kioo kizima, na nyuma yake kitu cha kijani. Nimeziangalia kwa muda mrefu.

Ramani ya kwanza imetoka, na bonde letu limeng'aa kweli. Bwana Miwani amefurahi, ameshawaambia wakubwa wa maji kwamba bonde hili ni dhahabu. Lakini mimi nimezaliwa hapo. Nimeikagua kipande kwa kipande, na nina maswali.

Ramani inasema makaburini pana mahindi. Tena mahindi ya daraja la kwanza. Inasema uwanja wa mpira wa shule unazaa kuliko shamba la Mama Mapacha. Kando yote ya mto, pale tulipokuwa tukikatazwa kucheza kwa sababu ya nyoka, ni kijani cha mavuno mazuri. Mama Mapacha, ambaye najua anavyolima, amepakwa njano ya mavuno haba. Matawi ya mfereji yakichorwa kwa ramani hii, moja litamwagilia marehemu.

Domo, mwanafunzi wetu amefundishwa kitu ambacho si mahindi na akaambiwa ni mahindi. Ni wapi?

Dada yako


Nyumbani, 11 Julai

Dada,

Salamu. Najua dereva amepita mara mbili akarudi mikono mitupu. Mara ya kwanza nilikuwa na mafua. Mara ya pili kalamu ilikuwa na mafua.

Sote wazima. Mama mzima. Watu wameanza kuvuna.

Kuhusu makaburi, tumecheka sana. Nimewaza mambo mengi. Labda ni mawingu. Labda satelaiti ilipita haraka. Labda ni ile feni yenu inayolia, inazichanganya kompyuta. Au mtu alidondosha punje pale wakati wa mazishi, huwezi kujua. Uwanja wa mpira nao si ajabu, timu yetu inavyocheza ni kama wanapanda.

Wewe una akili, rekebisha tu kwa mkono. Futa makaburi, futa uwanja, mengine yaache kama yalivyo. Nani atajua?

Ndala zangu zimekatika. Mbuzi amezaa. Sina jingine.

Domo


Mjini, 18 Julai

Mdogo wangu,

Hujamtaja baba. Ni barua yako ya kwanza isiyo na baba ndani, hata lile trekta lako halimo.

Acha nikueleze ninachofanya kazini, maana naona ulidhani natazama picha moja tu. Satelaiti hupita tena na tena, na picha za zamani tunazihifadhi. Nimefungua picha za shamba letu za miaka mingi nyuma. Kila mwaka ni hadithi ile ile: linakuwa udongo baba anapolima, linakuwa kijani, kisha wakati wa mavuno linageuka rangi ya kahawia kwa sababu mahindi yamekauka. Baba ameandika hadithi hiyo miaka yote bila kukosea hata msimu mmoja. Nilijikuta nimeshika shavu natazama, kana kwamba namwona mwenyewe akitembea humo.

Mwaka huu shamba la juu limegeuka kahawia kama kawaida. Shamba la chini halijageuka. Bado ni kijani. Na halikuwahi kuwa udongo tangu msimu uliopita. Mahindi hukauka, Domo. Magugu ndiyo hayajali mwezi.

Halafu nimerudi kwenye picha zako. Katika kila picha baba ameshika kitu. Nguzo ya uzio. Mti. Nguzo tena.

Siwezi kufuta makaburi kwa mkono nikaacha mengine. Nikifanya hivyo nitakuwa nimechora ramani ya ninavyotaka mimi, na Mama Mapacha atabaki njano wakati ana mahindi, na sisi kijani wakati hatuna. Wakubwa wa maji wanakutana mwishoni mwa mwezi. Nahitaji alama mpya za shamba la chini, za kweli, kabla ya siku hiyo. Najua zikija, tawi la mfereji halitafika kwetu.

Lakini hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: baba anaendeleaje?

Dada yako


Nyumbani, 25 Julai

Dada,

Leo sina mbwembwe. Au ninazo kidogo, lakini zitakuja zenyewe.

Dereva aliponipa barua yako, baba alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Soma." Nikamwambia ni salamu tu. Akasema, "Salamu gani hizo za kurasa mbili? Soma yote, na usiruke, nakujua."

Nikasoma. Pale uliposema miaka yote hakukosea hata msimu mmoja, alitikisa kichwa taratibu. Nilipofika pale pa kila picha ameshika kitu, akautazama mkono wake. Ulikuwa umeshika fremu ya mlango. Akaiachia, akasimama hivyo kwa muda mfupi kabisa, kisha ikabidi aishike tena.

Ni mgongo, dada. Aliteguka akishusha gunia, mwaka jana, baada ya wewe kurudi mjini. Kutembea anatembea, ila kuinama hawezi. Shamba la juu mama na mimi tumelilima. La chini alikataa mtu asiliguse. Alisema, "Lile ni langu, wiki ijayo nitainuka." Wiki ijayo ilikuwa kila wiki. Na alituapisha tusikuambie, kwa sababu ungeacha kazi ukaja. Siku ya alama alisimama mbele ya simu akaniambia, "Andika mahindi." Dada, wewe ungeweza kumkatalia baba? Labda wewe ungeweza. Mimi mdomo wote huu nilionao uliniishia.

Basi nilipomaliza kusoma akaniuliza, "Ameyaona haya yote kutokea kule?"

"Ndiyo, baba."

"Na makaburi ameyaona?"

"Ndiyo."

"Amesema sisi ni waongo?"

"Hajasema. Ameuliza unaendeleaje."

Mama aliacha kupepeta mahindi. Kisha baba akasema, "Yule mtoto nilimfundisha mimi kutofautisha mche wa mahindi na jani la nyasi. Alikuwa hajui hata kusoma. Akang'oa mahindi yangu mstari mzima ndipo akaelewa." Akacheka, dada. Mgongo ukamuuma kwa kucheka, akaendelea kucheka. "Leo amelijua gugu kutoka mbinguni!"

Akaniambia nichukue simu. Tulikwenda polepole, anashika bega langu. Magugu kule chini yamemzidi urefu. Nikamuuliza, "Niandike nini?"

"Unaona nini?"

"Magugu."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikabonyeza. Akauliza litapakwa rangi gani. Nikasema nyekundu. Akauliza, "Nyekundu ya aibu?" Nikasema hapana, nyekundu ya kutolimwa. Akasema, "Basi ndiyo rangi yake." Na nilipoinua simu nipige picha, akasogea pembeni mwenyewe ili jani lionekane.

Nimepiga alama kila kona. Halafu nikapanda kwa Mama Mapacha, nikampigia alama kama mvua. Kaniuliza kulikoni leo nina adabu. Nikamwambia ni homa, itapita.

Alama zote anazo dereva. Nimemwambia asipokimbia nitamwekea mbuzi kwenye gari.

Domo


Mjini, 20 Agosti

Mdogo wangu,

Alama zimefika kwa wakati, dereva alikuja mbio, nadhani aliogopa mbuzi kweli.

Makaburi yamerudi kuwa makaburi. Uwanja wa mpira umerudi kuwa nyasi mbaya kama tunavyoujua. Mama Mapacha amekuwa kijani kilichokolea, kijani cha kujivunia, mpe taarifa lakini usimwambie ni kwa hisani yako. Ramani imekubaliwa. Tawi moja la mfereji litapita kwake, na mengine yatakwenda ng'ambo. Shamba la juu limepakwa kijani. Shamba la chini ni jekundu, na mfereji haufiki. Kuna tawi la mwisho ambalo wakubwa wa maji wataliamua baada ya msimu ujao, kwa ramani mpya. Sitaki mtu atie matumaini hapo.

Nimempa dereva mkanda wa mgongo wa baba. Uvaliwe juu ya shati, usikaze sana. Hospitali ya mjini nimeuliza, mwezi wa kumi na mbili nitakuja kumchukua. Mwambie siachi kazi, nachukua likizo. Asinune.

Na wewe, ahsante. Najua ilikuwa ngumu.

Dada yako


Nyumbani, 29 Agosti

Dada wewe!

Salamu hakuna, salamu baadaye. Mkanda umefika, baba anauvaa mpaka kitandani. Sasa tuje kwenye kesi yako.

Dereva amesema! Yule asiyesikia akiulizwa, kumbe ana masikio kama ungo. Alikuwa mlangoni siku ya kikao, ameshika chupa za maji za wageni. Anasema Bwana Miwani alikuwa ameshaanza kuisifu ramani ya kwanza mbele ya wakubwa wote, maana ilikuwa imeshachapishwa kubwa na kubandikwa ukutani. Na wewe ukasimama. Ukasema, "Ramani hii ina kosa, na kosa limeanzia kwenye shamba la baba yangu."

Dereva anasema hata feni ilinyamaza. Huyo naye anatia chumvi, lakini nimemruhusu.

Halafu mkubwa mmoja akauliza, "Kama ya kwanza ilikuwa mbovu, kwa nini tuamini hii ya pili?" Na wewe ukamjibu, "Kwa sababu hii inalipaka shamba la baba yangu rangi nyekundu." Ukakaa.

Dada! Mimi nikichota ndoo moja ya maji, bonde zima linajua mpaka jioni. Wewe umesimama mbele ya wakubwa ukajibu jibu la namna hiyo, kisha ukaniandikia habari za mkanda, usikaze sana! Ungeniachia mimi hiyo siku, ningekuwa bado naisimulia.

Baba alimfanya dereva arudie yote tangu mwanzo. Alimpa kiti chake. Alipofika kwenye jibu lako, baba akamzuia akasema, "Ngoja," akamwita mama aje asikie. Kisha akamwita na Mama Mapacha kutoka kule juu. Dereva alisimulia mpaka sauti ikakauka, sasa anaomba asiulizwe tena maisha yake yote.

Mama Mapacha alisikiliza, akaniangalia, akasema, "Kumbe mna ukoo mmoja?" Sijui alimaanisha nini, lakini nimeamua ni sifa.

Kazi ya alama imekwisha, simu wameichukua. Kidoti changu nimekiaga.

Mdogo wako anayejigamba kwa ajili yako,
Domo


Mjini, 3 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nimefurahi kusikia baba sasa analala usiku mzima.

Nakuandikia kuhusu jambo nililoliona kazini. Kwenye picha ya katikati ya mwezi uliopita, ndani ya magugu ya shamba la chini, palitokea mstari mwembamba wa udongo mtupu. Nilidhani ni kivuli cha wingu. Picha iliyofuata, mstari ulikuwa umepanuka. Ya juzi, udongo umefika katikati ya shamba na unaelekea mtoni. Bwana Miwani ameuona juu ya bega langu, na sasa kila asubuhi kabla hajatafuta miwani yake anakuja kwanza kuuliza, "Umefika wapi?"

Trekta haliwezi kufanya hivyo, lingemaliza kwa siku moja. Ni jembe la mkono. Baba hawezi kuinama. Mama, umesema, siku hizi kutwa yuko sokoni.

Nimezisoma upya barua zako mbili za mwezi uliopita. Umejisifu kwa ndala mpya, kwa bao ulilofunga, kwa mbuzi kukujua sauti. Hakuna neno hata moja la shamba la chini.

Domo, nani analima?

Dada yako


Nyumbani, 9 Oktoba

Dada yangu Jicho la Angani,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama, anayefurahi, na kutoka kwa baba, ambaye siku hizi ni kelele tupu. Mwandiko wangu leo usiucheke. Viganja vina malengelenge kwa sababu ya kupiga makofi. Timu yetu imeshinda. Ndiyo, hata mimi nimeshangaa.

Kuhusu huo mstari, sijui chochote. Labda ni fuko anachimba. Mafuko wa huku ni wakubwa siku hizi. Nimemuuliza baba kama amemwona mtu, akasema hajamwona mtu, ila kila asubuhi anabebewa kiti mpaka ukingoni mwa shamba na kukaa pale akimwambia mtu huyo ambaye hajamwona kwamba jembe analishika kama mwiko, na kwamba mizizi asiiache, na kwamba mstari umepinda. Anasema umepinda wakati umenyooka kabisa! Nimeupima kwa macho yangu. Yaani, nimeupima nilipokuwa napita zangu njiani.

Juzi alimwambia mtu huyo, "Pumzika kidogo." Mtu huyo alishangaa mpaka akakaa chini. Baba hajawahi kumwambia mtu apumzike.

Mimi nina mambo yangu mengi, siwezi kufuatilia kila anayelima. Lakini huyo mtu ameniomba nikuulizie swali moja, na mimi nakufikishia tu, usiniweke humo: satelaiti inapita tena lini? Amebakiza kona ya mtoni, na anasema kama si siku ya karibu sana, ataiwahi.

Mdogo wako asiyejua lolote,
Domo